Habari za Edward Saidi Tingatinga, Mtunza Bustani Aliyejifunza Kuchora

Mwezi huu twapenda kuwaletea habari za maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake limeenea katika nchi nyingi za dunia, walakini habari zake zajulikana na wachache hapa kwetu. Mtu huyo ni marehemu Edward Saidi Tingatinga. Wengi wakilisikia neno tingatinga hufikiri mtambo wa kulimia au wa kuchongea barabara. Wengine hufikiri picha za wanyama zenye rangi kali ambazo wageni hununua na kwenda nazo kwao. Ni wachache wakumbukao ya kuwa lilikuwa jina la mtu, mwenye mke na watoto, aliyefanya kazi katika mji huu wetu wa Dar es Salaam na kuzikwa hapa hapa.

Tumeona vema kuandika habari zake kwa sababu ya jambo linalotusumbua sisi tukaao Mbezi Luis. Tangu mwaka 2021, kituo kikubwa cha mabasi yaendayo mikoani kilipofunguliwa kwetu, kila siku twaona vijana wakishuka na mfuko mmoja begani, wakitafuta nyumba ya ndugu. Ukiwauliza wanajua kazi gani, wengi hujibu kwamba hawajui kitu, maana hawakusomea kitu. Jibu hili latuhuzunisha. Ndani yake limo wazo kwamba akili ya kubuni ni mali ya watu waliozaliwa nayo, au waliopewa na shule kubwa, na ambaye hakupewa basi amekwisha kunyimwa. Maisha ya Tingatinga yaonyesha jambo jingine, kwa hiyo yafaa tuyatazame kwa utaratibu.

Kuzaliwa kwake na nchi yake

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Tunduru, kusini kabisa, karibu na mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji. Kijiji chake siku hizi huitwa Nakapanya, nacho kiko kando ya njia iendayo Masasi. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini. Mama yake alikuwa wa kabila la Wamakua. Katika jina lake mwenyewe twaona dini mbili zimekutana, Edward na Saidi, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kusini hata leo. Elimu yake ya darasani ilikuwa haba.

Walakini tusidhani kwamba mtoto asiyesoma sana hakujifunza kitu. Nchi ile ya kusini ni nchi ya wachongaji, na watu wake walikuwa na desturi ya kuchora wanyama na watu juu ya kuta za udongo za nyumba zao. Mwaka 1906 mtaalamu mmoja wa Kijerumani, jina lake Karl Weule, alipopita Masasi, Newala na uwanda wa Makonde, aliziona picha hizo. Tena akawapa watu wa huko karatasi na kalamu za risasi ili wamchoree, akazichukua picha zao Ulaya na kuzitia katika vitabu vyake. Tena nchi ya Tunduru ina pori kubwa, na wanyama wake ni simba, chui, tembo na ndege wa namna nyingi. Mtoto akuaye katika nchi kama ile hujifunza kutazama kabla hajajifunza kushika kalamu.

Kutoka kwake nyumbani

Katika miaka ya 1950 alitoka kwao kwenda kutafuta kazi, kama walivyofanya vijana wengi wa kusini. Alikwenda Tanga katika mashamba ya mkonge. Wasomaji wetu wazee wanakumbuka jinsi kazi ile ilivyokuwa. Watu walioletwa kwa mkataba kutoka mbali waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake. Mfanyakazi alikuwa na kadi iliyoitwa kipande, yenye nafasi za siku 30 za kazi, na mshahara haukutoka mpaka siku zile zitimie. Mkonge una miiba, nao watawala mtu kuanzia alfajiri. Katika kazi ya namna hiyo hapana anayemwuliza mtu ana wazo gani. Huulizwa amekata matita mangapi.

Baadaye aliacha mkonge akaja Dar es Salaam, alikokuwako ndugu yake wa kumpokea. Akapata kazi ya kutunza bustani katika nyumba ya ofisa mmoja Mwingereza, upande wa Msasani, ambao siku hizi ni katika wilaya ya Kinondoni. Alifanya kazi hiyo mpaka nchi yetu ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Waingereza wengi wakaanza kurudi kwao. Ndipo akaishi kwa vibarua vya namna nyingi, akipata leo na kukosa kesho. Jamaa na rafiki zake walimjua pia kwa ngoma na muziki, maana alikuwa mtu wa kuchangamka. Hata hivyo umri ulikuwa unakwenda, na kama mtu angalimtazama siku zile angalisema kwamba maisha yake yamekwisha kujulikana yatakavyokuwa.

Jinsi alivyoanza kuchora

Yapata mwaka 1968, naye amefika miaka 36, Tingatinga akaanza kuchora picha za kuuza. Yasemwa kwamba aliona picha za wachoraji waliotoka Kongo, zilizokuwa zikiuzwa katika njia za mji, na jinsi Wazungu walivyozinunua, akawaza kwamba kazi ile na yeye aiweza. Wazo hili lilikuwa dogo tu, na watu wengi huwa na wazo kama hilo wapitapo mbele ya kazi ya mwenzao. Tofauti ni kwamba yeye alikwenda akatafuta ubao na rangi.

Tuangalie sasa vyombo alivyovitumia, maana hapa ndipo penye fundisho. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji wa Ulaya, ambazo bei yake ni kubwa. Alichukua mbao zilizobanwa, ziitwazo masonaiti, ambazo mafundi huzitumia kwa dari za nyumba, zikakatwa vipande vya mraba, mathalani futi 2 kwa futi 2. Rangi yake ilikuwa ile ya mafuta inayong'aa, ya kupakia baiskeli, iuzwayo dukani katika makopo madogo. Vitu hivi vilikuwa rahisi, tena vilipatikana katika duka lolote la vifaa.

Basi vyombo hivyo vikamfundisha namna ya kuchora. Rangi ya baiskeli ni nzito, haikauki upesi, na ukiichanganya juu ya ubao kabla haijakauka huharibika. Kwa ajili hiyo mchoraji hupaka kwanza ubao wote rangi moja, akaungoja ukauke, kisha huchora umbo la mnyama, akalijaza, akangoja tena, ndipo hutia madoadoa na mistari na macho. Ni kazi ya kwenda hatua kwa hatua, isiyotaka haraka. Picha zake nyingi zina mnyama mmoja tu, chui au tembo au ndege, amesimama katikati ya ubao mtupu, wala hapana kivuli wala milima ya mbali. Rangi ni chache. Pembeni aliandika jina lake, E. S. Tingatinga. Mtu aliyezoea picha za Ulaya angaliweza kudhani kwamba mchoraji huyu hakujua kuchora kivuli. Walakini wengi walioziona walisimama wakatazama, kwa kuwa yule mnyama alionekana kana kwamba ndiye anayewatazama wao.

Twaona hapa jambo ambalo watu wengi hawalifahamu kuhusu ubunifu. Sisi hudhani kwamba mtu hubuni kitu kipya pale apatapo uhuru wote na vyombo vyote. Yeye hakuwa navyo. Alikuwa na ubao wa dari, makopo machache ya rangi, na kumbukumbu za nchi yake. Uchache ule ulimlazimisha kuchagua, na katika kuchagua akapata njia yake mwenyewe, ambayo hapana mtu mwingine aliyekuwa nayo.

Kazi yake yafanikiwa

Soko lake lilikuwa Oyster Bay, penye maduka yaitwayo Morogoro Stores, karibu na barabara ya Haile Selassie. Wakati ule walikaa pande hizo wageni wengi, mabalozi na wataalamu wa nchi za nje, nao walikuja kununua mboga na vitu vya nyumbani. Picha ziliwekwa pale nje, wapitao wakaziona. Bei mwanzoni ilikuwa ndogo. Pole pole wanunuzi wakaongezeka, hata shirika la serikali lililoshughulika na sanaa likaanza kuzinunua na kuziuza. Wakati huo alipata pia kazi ya utumishi katika hospitali ya Muhimbili, akawa anachora saa za mapumziko. Alikwisha kuoa, mke wake ni Agatha Mataka, nao walipata watoto wawili.

Kazi ilipozidi nguvu za mtu mmoja, hakuificha. Aliwaita vijana, wengi wao jamaa zake, wakakaa naye nyumbani kwake Msasani wakijifunza. Majina yao yafaa kukumbukwa pamoja na la kwake: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Matambwe, January Linda, Kasper Henrick Tedo, Omari Amonde, na Simon Mpata aliyekuwa ndugu yake. Hapakuwa na darasa wala cheti. Walijifunza kama watu wanavyojifunza ufundi wowote kwetu, yaani kwa kukaa karibu na mwenye kujua, kutazama mkono wake, kufanya kazi ndogo kwanza, na kuharibu mbao kadhaa kabla ya kupata moja iliyo nzuri.

Mtu mwingine angaliwaza kwamba akiwafundisha wenzake watamnyang'anya wanunuzi. Tingatinga alikuwa na sababu zote za kuogopa hivyo, maana alikuwa ametoka katika umaskini juzi tu, na kila picha ya mwanafunzi iliyouzwa ilisimama karibu na ya kwake. Hata hivyo aliwafundisha. Wala hakujua kwamba wakati wake ulikuwa mfupi.

Kifo chake

Mwaka 1972 alikuwa safarini mjini ndani ya motokaa pamoja na rafiki zake. Polisi waliwadhania kuwa wahalifu waliokuwa wakitoroka, wakaipiga risasi motokaa ile. Risasi ikampata Tingatinga, naye akafa kwa jeraha hilo. Umri wake ulikuwa miaka 40. Alizikwa Msasani. Aliacha mjane na watoto wadogo, na kundi la wanafunzi ambao baadhi yao walikuwa hawajakaa naye muda mrefu.

Tuhesabu, wasomaji wetu. Kutoka mwaka 1968 hata 1972 ni miaka minne tu. Miaka 36 ya kwanza ya maisha yake haikuacha alama katika vitabu. Miaka minne ya mwisho ndiyo iliyolipeleka jina lake mbali. Kifo cha namna ile ni cha kusikitisha, na kosa lililomwua halikuweza kurekebishwa na mtu yeyote. Kama angaliuweka ujuzi wake ndani ya kifua chake peke yake, ungalizikwa pamoja naye siku ile.

Walakini haukuzikwa. Wanafunzi wake hawakutawanyika wote. Walishikamana wakaendelea kuchora na kuuza pale pale Morogoro Stores, nao wakafundisha wengine. Mwaka 1990 wachoraji hao wakaanzisha chama chao cha ushirika cha sanaa, chenye jina la Tingatinga. Simon Mpata alikwenda kufanya kazi Nairobi, akafa mwaka 1984, na picha zake zikapendwa sana na Wajapani, hata hoteli moja ya wasafiri huko Maasai Mara, Kenya, ikaitwa kwa jina lake. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza waliona katika televisheni hadithi za wanyama zilizotengenezwa Nairobi kwa kufuata namna ya picha hizi, nazo ziliitwa kwa jina la Tingatinga. Hivyo jina la mkulima maskini wa Tunduru limekuwa jina la aina nzima ya uchoraji.

Kuiga na kubuni

Hapa yatupasa kusema neno jingine, tusije tukaipaka habari hii sukari. Kazi ya Tingatinga ilipojulikana, walitokea wengi wa kuiga. Wako walioiga wapate kujifunza, na wako walioiga kwa hila, wakaandika jina la marehemu juu ya picha ambazo hakuzichora. Hata miongoni mwa wachoraji waaminifu, wako waliochora tembo yule yule na twiga yule yule mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa ndiye anunuliwaye. Hatuwalaumu wenye njaa. Lakini twaona tofauti. Kuiga ni mlango wa kuingilia katika ufundi, maana hapana aliyejifunza kitu bila kufuata mkono wa aliyemtangulia. Tingatinga mwenyewe alitazama picha za wengine kabla ya kuanza. Ila mtu akikaa mlangoni siku zote, huyo hajaingia ndani.

Katika wanafunzi wale na waliowafuata, wamo walioingia ndani. Mwalimu alichora mnyama mmoja katika uwanda mtupu. Wao wakaujaza ubao kwa miti, ndege na samaki, kisha wakachora watu wa kijijini, soko, hospitali na harusi, mambo ambayo watu waliyaona kila siku. Walishika rangi ile ile na ubao ule ule, lakini wakatia macho yao wenyewe. Hii ndiyo heshima iliyo kubwa mwanafunzi awezayo kumpa mwalimu wake.

Tena tusiseme kwamba kila kijana atakayeshika kopo la rangi atapata riziki kwa hilo. Tingatinga alipata pia nafasi njema: alikaa karibu na wanunuzi, katika wakati ambao wageni walitafuta vitu vya Kiafrika. Wako wengi waliofanya bidii kama yake wasijulikane. Twasema jambo lililo dogo kuliko hilo, nalo ni la hakika zaidi, ya kwamba nafasi ilipomjia ilimkuta na ubao mkononi.

Neno kwa wasomaji

Tukiyakusanya haya yote, twaona mambo yanayotufaa sisi na watoto wetu. Kwanza, umri si kizuizi. Mtu wa miaka 36 aliyekuwa kibarua alijifunza kazi mpya akaijua. Pili, kazi za zamani hazikupotea. Kijiji, shamba la mkonge na bustani ya Msasani havikumfundisha kuchora, lakini vilimpa macho ya kutazama na saburi ya kungoja rangi ikauke. Tatu, akili ya kubuni hukua kwa kutumiwa. Picha ya kumi hufundishwa na makosa ya ile ya tisa. Nne, ujuzi uliogawanywa hudumu kuliko ule uliofichwa.

Sisi wazee na wazazi tuna sehemu yetu katika jambo hili. Katika mitaa yetu ya Mbezi, Kimara na Kibamba wamo maseremala, mafundi wa vyuma, washonaji, wafinyanzi na wachoraji wa vibao vya maduka. Kijana akija kwetu hana kazi, mara nyingi twamtuma dukani, au twamwacha akae barazani hata achoke. Yafaa zaidi tumpeleke kwa fundi mmoja, tumwombe fundi amruhusu kukaa karibu, na tukubali kulipia mbao zitakazoharibika. Mbao zile si hasara. Ni ada ya shule, na ni ndogo kuliko ada nyingi tunazolipa. Naye fundi asiogope kufundisha, akumbuke nyumba ile ya Msasani.

Nanyi vijana mnaosoma habari hii, msingoje mpaka mpate vyombo vyote. Chukueni kilichoko karibu, mkifanyie kazi leo, mkitazame kesho palipo na kosa, mkifanye tena.